Kadi za Simu Zisizofunguka: Sababu Zake na Dawa Yake

Ndugu Wanachama,

Mwanzo wa mavuno haya ofisi yetu iliwapelekeeni kwa simu kadi yenye nambari za wenye magari, wapima mizani na makarani wa matawi. Nia ilikuwa njema, lakini si kila mtu aliyefaidika nayo. Mwanachama mmoja wa shamba la mbali alikuwa na magunia sita ya karafuu kavu, na mawingu yamekwisha funga. Akaibonyeza kadi ile apate nambari ya gari. Simu yake ikamjibu kuwa haina programu ya kuifungua. Akadhani kadi imeharibika, akaifuta. Gari ikapita njia nyingine, magunia yakalala katika banda linalovuja, na karafuu zilizostahili daraja la kwanza zikaingia ukungu.

Kadi yenyewe haikuwa na kasoro hata kidogo. Kwa hiyo naona yanipasa nilieleze jambo hili vizuri, lisije likatufika tena.

Kadi hii ni kitu gani? Ni faili ndogo ya maandishi, ambayo ndani yake mmetiwa jina la mtu, nambari yake ya simu, na pengine anwani yake. Mtindo wake ulitungwa katikati ya miaka ya 1990 na umoja wa makampuni ya Apple, AT&T, IBM na Siemens, ili kadi iliyoandikwa na chombo kimoja iweze kusomwa na chombo kingine. Jina la faili hiyo huishia kwa nukta na herufi tatu: vcf. Herufi hizo ndizo mkia wa jina, na matata yetu mengi hutoka katika mkia huo.

Sote twaijua kazi ya hamali. Yeye hafungui gunia kutazama kilichomo. Hutazama alama tu. Akiona alama ya karafuu hulipeleka ghala ya karafuu. Akiona ya makonyo hulipeleka kiwanda cha mafuta. Kompyuta na simu hufanya vivyo hivyo. Husoma mkia wa jina, kisha huikabidhi faili kwa programu iliyoagizwa kupokea mkia huo. Hamali asipoambiwa alama ile ni ya ghala gani, husimama na gunia kichwani. Akiagizwa vibaya, hulipeleka kusiko. Na alama yenyewe ikiwa ya uongo, lawama si yake. Makosa ya kadi ni hayo matatu, na kila moja lina dawa yake.

Kosa la kwanza ni chombo kutojua kadi ni ya nani. Hili ndilo lililompata mwenzetu. Dawa yake katika simu ni kutoibonyeza tena na tena pale ilipofikia. Ihifadhi kwanza katika simu, kisha fungua programu yenye majina ya watu wako, utafute panapoandikwa Import, uichague faili ile. Hapo humtegemei hamali; umekwenda ghalani mwenyewe na kuliingiza gunia lako kwa mkono wako.

Kosa la pili ni kadi kupelekwa kwa programu isiyo yake. Mtu huibonyeza katika kompyuta, akaona maandishi matupu yanayoanza na BEGIN:VCARD na kumalizikia END:VCARD. Asishtuke, wala asifute neno. Hiyo ndiyo kadi nzima, ila imefunguliwa na programu ya kuandikia. Mstari unaoanza na FN ndio wenye jina, na unaoanza na TEL ndio wenye nambari ya simu. Mwenye haraka aweza kuinakili nambari hiyo kwa kalamu na kupiga simu papo hapo.

Baadaye airekebishe kompyuta yake. Katika Windows, bonyeza jina la faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Open with, kisha Choose another app, uchague programu ya kuwekea majina, na ukubali iwe hivyo siku zote kwa kuchagua Always. Asiwepo mtu wa kuchagua Always kabla ya kujaribu mara moja na kuona kadi imefunguka sawasawa, maana agizo baya huendelea kutiiwa mpaka litanguliwe. Aliyekwisha kosea aweza kwenda katika Settings, kisha Apps, kisha Default apps, aandike .vcf na kubadili agizo lake.

Kosa la tatu ni mkia wa uongo. Windows, isipoagizwa vingine, huificha mikia ya faili inazozijua. Kadi iliyohifadhiwa kwa jina la magari.vcf.txt huonekana kama magari.vcf, na mwenyewe akaapa kuwa jina ni sahihi. Katika Windows 11, fungua orodha ya faili, bonyeza View, kisha Show, kisha File name extensions. Mikia yote itadhihiri. Hapo liondoe lile txt la ziada. Lakini tuelewane: kubadili mkia hakubadili kilichomo. Gunia la makonyo ukiliandika karafuu, mizani haitakulipa bei ya karafuu.

Liko na jambo la nne, na hili kosa ni langu mimi. Kadi niliyoipeleka ilikuwa faili moja yenye majina tisa. Ziko programu, kama Outlook ya zamani ya kompyuta, ambazo zikipewa faili ya namna hiyo huchukua jina la kwanza tu na kuyaacha mengine bila ya kusema neno. Hivyo wako walioifungua kadi wakadhani tumewapa nambari moja. Tangu sasa kila mtu atakuwa na kadi yake peke yake, na orodha nzima itabandikwa kwa karatasi katika kila tawi, kwani karatasi haihitaji programu.

Mwisho, hadhari. Kadi huleta nambari, haileti ushahidi wa mwenye nambari. Ukipokea kadi ya mtu anayedai kuwa mnunuzi au karani wetu, muulize katibu wa tawi lako kabla ya kutoa gunia au fedha. Na faili ikiwa mkia wake ni apk au exe, hiyo si kadi, hata ikiitwa kadi, usiifungue.

Ambaye bado hakufanikiwa na aje ofisini na simu yake, tutaifungua pamoja. Wenye vijana nyumbani nao wasione haya kuwauliza. Ninachoomba ni kimoja tu: kadi ikikataa, usiifute. Nipigie simu kwanza, kabla mvua haijaanguka.

Wasalaam,
Katibu wenu