Programu Huria na Programu za Wenyewe

Likizo iliyopita mama alinikuta nyumbani kwetu Malindi nikiandika insha kwa kompyuta ya kaka. Akaniuliza, "Programu hiyo umeinunua kwa fedha gani?"

"Haiuzwi, mama. Inaitwa LibreOffice."

"Basi umeiiba?"

Kwa kuwa wazazi wengine huenda wana shaka kama yake, naona yafaa kulieleza jambo hili.

Programu ni maagizo yanayofuatwa na kompyuta. Ziko za namna mbili. Namna ya kwanza ni programu ya mwenyewe. Maagizo yake yamefichwa, nawe huruhusiwa kuitumia tu kwa masharti yake, hata kama hukulipa kitu. Windows ya Microsoft ni ya namna hiyo, na kuinakili bila ya ruhusa ni wizi. Namna ya pili ni programu huria. Maagizo yake yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyabadili na kumpa mwenziwe. Ndivyo ilivyo Linux, iliyoanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Android, iliyomo katika simu nyingi, imejengwa juu yake.

Chukua mfano wa kofia ya kushona kwa mkono. Ukinunua kofia Darajani, umepata kofia. Ukipewa na mchoro wake, waweza kushona nyingine, ukaongeza ua ulipendalo, na ukamfundisha ndugu yako.

Wala si lazima uiache Windows ndipo utumie programu huria. LibreOffice na Firefox hufanya kazi katika Windows, macOS na Linux.

Faida yake ilionekana mwaka 2004. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kungoja idhini ya mtu, maana maagizo yalikuwa wazi. Baadaye Microsoft nayo ilitia Kiswahili katika programu zake, lakini hapo mwenye mali ndiye aliyeamua.

Hata hivyo, uhuru huo wataka kazi. Jambo OpenOffice imekwisha kupitwa na wakati, na kila toleo jipya lahitaji watu wa kulitafsiri. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja. Basi kazi hiyo yatuhusu sana sisi wa hapa.

Mama ameridhika. Sasa huniuliza nitaanza lini.