Je, Wajua? Pistoni ya Breki ya Nyuma Haitaki Nguvu

Je, wajua kwamba kwenye magari mengi ya zamani yenye breki za diski nyuma, pistoni hairudishwi ndani kwa kuisukuma? Huzungushwa kama skrubu. Ya mbele ukiibana kwa klampu inaingia bila ubishi. Ya nyuma, kwenye gari kama Volkswagen Golf, imebeba hendibreki tumboni, na ndani mna uzi wa skrubu unaoisogeza kadiri pedi zinavyolika. Ukiilazimisha, unauharibu. Niliwahi kumshuhudia fundi akikaza klampu hadi jasho likamtoka. Aliokoa dakika tano, akanunua kalipa nzima. Na pistoni ilikuwa imeshamwonya: ukiona usoni mwake vishimo au mikato ya msalaba, hapo ndipo kifaa hushika ili kuizungusha. Kwa kawaida hufuata mishale ya saa, ingawa yapo magari ambayo upande mmoja huenda kinyume.

Toyota Prado haina vituko hivyo. Hendibreki yake ni vishuu vidogo vilivyojificha ndani ya diski, hivyo pistoni husukumwa tu. Kazi huja diski inapogoma kutoka. Kabla ya kushika nyundo, legeza hendibreki, kisha tazama usoni mwa diski: mna matundu mawili yenye uzi. Kaza humo bolti mbili za milimita 8, huku kidogo na huku kidogo, nayo itajisukuma nje.

Je, wajua kwamba hakuna springi inayoirudisha pistoni unapoachia pedali? Ni pete ya mpira, ya pembe nne, inayojipinda breki inapokamata, kisha hujinyoosha na kuivuta nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Mpira huo ukikakamaa kwa umri, au ukivimba kwa kupakwa grisi ya kawaida, pedi hubaki zimelalia diski na rimu huunguza mkono.

Lakini usikimbilie kuilaumu kalipa. Paipu ya mpira huweza kuvimba kwa ndani: mguu ukikanyaga inapitisha mafuta, mguu ukiachia inayazuia yasirudi. Kwa nje ni nzima kabisa! Weka gari juu ya stendi, zuia matairi ya mbele kwa mawe, shusha hendibreki, kanyaga pedali na uachie, kisha fungua kidogo nati ya kutolea upepo. Tairi likiachia papo hapo, presha ilikuwa imenaswa, shuku paipu. Likiendelea kukamata, basi ni pistoni, waya wa hendibreki, au pini za kalipa zilizokauka.

Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewani. DOT 3 mpya huhimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji, kipimo chake hushuka hadi 140.

Je, wajua kwamba Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki za diski mwaka 1902? Pedi zake zilikuwa za shaba, na zilipiga mayowe.

Na kama umefunga kalipa, umetoa upepo kwenye breki mara tatu na pedali bado ni laini, chungulia nati ya kutolea upepo. Inatakiwa iwe juu, kwa kuwa hewa hupanda. Ikiwa chini, kalipa ya kushoto imefungwa kulia.