Uganda na Barafu Yake

Uganda ina ukubwa wa kilomita za mraba 241,000 hivi, na sensa ya 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46. Ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, mwaka mmoja na ushei kabla yetu Wakenya. Mkenya huvuka mpaka wa Busia kwa kitambulisho chake tu. Kampala imejengwa juu ya vilima, bodaboda zimejaa kila upenyo, na mtu wa Masimba, kwetu Gusii, hatalala njaa maana matoke hayakosekani. Kahawa yao inasifika. Mafuta yaligunduliwa upande wa Ziwa Albert mwaka 2006. Habari za bunge na wizara zipo tele magazetini, kwa hiyo twende Kasese, magharibi mwa nchi.

Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Nyuma ya mji huo ndipo unapoanza mlima Rwenzori, ambao siku nyingi hauonekani kwa mawingu. Si volkano kama Kilimanjaro au Mlima Kenya. Ni bonge la mwamba lililosukumwa juu kutoka ardhini. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Luigi Amedeo wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, alikifikia mwaka 1906 akakipa jina la malkia wa kwao, ingawa Wakonzo wa huko walikwisha kuujua mlima huo zamani kuwa makao ya Kitasamba, mungu wao wa thelujini.

Barafu iliyo juu ya mlima huo, ukiikaribia, si nyeupe kama kwenye kalenda. Ukingo wake ni wa kijivu, umejaa vumbi na kokoto. Chini kuna ufa wa rangi ya samawati, na ukiinama unayasikia maji kabla hujayaona. Mwamba ulio mbele yake umesuguliwa ukawa laini kama jiwe la kusagia la nyanya yangu, na una mikwaruzo mirefu inayoelekea bondeni. Theluji ya miaka mingi hushindiliwa ikawa barafu ngumu, nayo kwa uzito wake hutelemka polepole ikiburuta mawe. Hayo mawe ndiyo yaliyokwaruza. Kinachoyeyuka kikizidi kinachoanguka, ukingo hurudi nyuma na kuuacha mwamba uchi. Kiongozi wetu, mzee Mkonzo, alituonyesha ngazi ya chuma kwenye jabali ambalo, alisema, ujanani mwake alilipita kwa kukanyaga barafu.

Vittorio Sella alipiga picha katika safari hiyo ya 1906. Mlima Baker, mmoja wa milima ya Rwenzori, ulikuwa umefunikwa na barafu. Leo sehemu kubwa ni mwamba mweusi. Barafu yote ya Rwenzori wakati ule ilizidi kilomita za mraba sita, na kufikia 2003 ilibaki kama moja tu. Lakini usidhani mlima ulitulia kabla ya hapo. Ukipanda bonde la Mubuku unatembea juu ya tuta refu la mawe na udongo, lililoachwa na barafu ya kale iliyoteremka hadi karibu mita 2,100. Hicho ni kimo cha vilima vyetu vya Kiabonyoru kule Gusii! Sasa hapo Mubuku ni msitu, na nyani wanapiga kelele.

Hata hivyo barafu ikiisha, mto Mubuku hautakauka. Maji yake mengi hutoka kwenye mvua, msitu na vinamasi vya juu, ambavyo vimo ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1991. Hapo ndipo nilipowafikiria watu wa nyumbani. Barafu ya Lewis pale Mlima Kenya inakwisha, na hakuna Mgusii awezaye kuizuia. Lakini ni nani aliyetutuma kupanda mikaratusi juu ya chemichemi, na kufyatua matofali kwenye vinamasi vinavyolisha mto Gucha? Marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira aliamuru mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Tulimcheka, tukaendelea kuuza nguzo. Huko Rwenzori, ndani ya hifadhi, kukata miti ni marufuku.

Atakayekwenda Rwenzori achague Januari, Februari, au Juni hadi Agosti, mvua ikipungua, na asiende bila kiongozi. Abebe gambuti: wapagazi huzivaa siku nzima matopeni, na kucha za chuma hufungwa kwenye buti ukingoni mwa barafu tu.