Japani: Ua la Kila Mwezi, na Shamba Nyuma Yake

Leo tuweke pembeni viwavijeshi na bei ya mbolea, twende Japani kutazama maua. Usiseme hiyo ni starehe ya matajiri. Wenzetu kule wana neno kabisa, hanami, yaani kwenda kutazama maua, na familia nzima hubeba chakula, ikatandika turubai chini ya mti na kukaa mpaka jioni. Nyuma ya kila ua linalotazamwa yupo mtu aliyepanda, aliyepogoa na aliyehesabu siku. Huyo ndiye tunayemfuata leo.

Januari hadi Machi: wanaowahi

Japani ni nchi ndefu. Kusini kabisa, Okinawa, mcheri wa aina ya huko huchanua Januari, wakati Hokkaido kaskazini bado iko chini ya theluji na itasubiri mpaka mwishoni mwa Aprili au Mei. Kati ya hapo maua hupanda kaskazini kidogo kidogo, na watu huyafuata kwenye taarifa ya habari kama sisi tunavyofuata mvua.

Kabla ya mcheri huja ume, jamaa ya plamu, unaochanua kwenye baridi. Bustani ya Kairakuen mjini Mito, iliyofunguliwa mwaka 1842, ina miti takriban 3,000 ya ume, ya aina zipatazo mia moja. Kwa kuwa kuna aina za mapema na za kuchelewa, mtu akija Februari anakuta maua, na akija Machi anakuta mengine. Halafu matunda ya ume hutiwa chumvi na kuliwa na wali. Mti mmoja unalipa kwa ua na unalipa kwa tunda.

Mji wa Kawazu una hadithi ya kutufaa zaidi. Katika miaka ya 1950 mkazi mmoja aliokota mche wa mcheri uliojiotea kando ya mto, akaupanda kwake. Ulipokua, ukaanza kuchanua Februari, wiki nyingi kabla ya mcheri wa kawaida, na maua yake hukaa karibu mwezi mzima. Leo mji una maelfu ya miti ya aina hiyo, na wageni hufika wakati sehemu nyingine za jirani hazina ua. Ukiona mche shambani unatofautiana na wenzake, usiung'oe kwa haraka. Utazame kwanza.

Machi mwishoni hadi Mei: kilele

Mcheri unaojaza mabustani ya Tokyo na miji mingi unaitwa Somei Yoshino. Wote ni miche ya kubebesha, kizazi cha mti uleule, kwa hiyo miti ya eneo moja huchanua karibu pamoja. Maafisa wa hali ya hewa Tokyo wana mti wao maalum wa kupimia: yakifunguka maua 5 au 6, wanatangaza kwamba msimu umeanza. Takriban wiki moja baadaye miti imejaa, na wiki nyingine petali ziko chini. Biashara yote ya vyakula, hoteli na safari inabanwa kwenye siku hizo chache.

Na siku zenyewe zinahama. Mji wa Kyoto una kumbukumbu za kuchanua kwa mcheri zinazorudi nyuma zaidi ya miaka 1,000. Mwaka 2021 kilele kilifika tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia kwenye kumbukumbu hizo. Mcheri unahitaji baridi ya kutosha kuamsha vichipukizi vilivyolala, kisha joto la kuvifungua. Joto likija mapema, ua nalo linawahi, awe mgeni amekata tiketi au hajakata. Kwa hiyo daftari la tarehe unazoandika shambani kwako lina thamani, hata kama leo unaliona la kawaida.

Mwishoni mwa Aprili ni zamu ya fuji, mtambaazi wenye vishada virefu vya zambarau. Kwenye bustani ya maua ya Ashikaga kuna mmoja wenye umri wa zaidi ya miaka 150. Mwaka 1996 ulihamishwa kilomita zipatazo 20 ukiwa tayari mkubwa, baada ya maandalizi ya muda mrefu ya kupogoa na kulinda shina. Ukapona, na sasa kichanja chake ni kama paa la ukumbi.

Kwenye bustani ya Hitachi, pwani, kilima kimoja hufunikwa na nemofila za bluu kiasi cha milioni 5. Zikiisha zinang'olewa, na kilima hichohicho kinapandwa kochia, kichaka cha mviringo kinachogeuka chekundu Oktoba. Ardhi ileile inaleta wageni mara mbili kwa mwaka.

Juni hadi Agosti: mvua, kisha jua

Juni ni mvua, na ua lake ni ajisai, yaani haidrenjia. Watu huzitazama kwenye mahekalu ya Kamakura wakiwa na miavuli. Hapa mtaalamu wa udongo anacheka peke yake: kwa aina nyingi, udongo wenye tindikali huachia aluminiamu na ua linakuwa la bluu, udongo wenye chokaa hulifanya la waridi. Ua linakusomea pH bila kwenda maabara.

Julai twende Furano, Hokkaido. Wakulima wa huko walilima lavenda ya kukamua mafuta ya manukato. Miaka ya 1970 manukato ya viwandani na mafuta ya bei rahisi kutoka nje yakaua soko, na wengi wakang'oa. Tomita Tadao alibaki na shamba lake. Mwaka 1976 picha ya shamba hilo ikatokea kwenye kalenda ya shirika la reli, na watu wakaanza kuja kuliona. Hadi leo kuingia ni bure. Mapato yanatoka kwenye sabuni, manukato na vyakula. Wanapanda aina za kuwahi na za kuchelewa ili msimu urefuke. Chema chajiuza, kweli, lakini lazima kwanza kibaki shambani.

Septemba hadi Desemba: kufunga mwaka

Karibu na tarehe 23 Septemba huchomoza higanbana, ua jekundu lisilo na majani wakati wa kuchanua. Wakulima wa zamani walilipanda kwenye matuta ya mpunga kwa sababu matunguu yake yana sumu na hufukuza wanyama wachimbao. Dawa ya panya imekuwa kivutio.

Oktoba na Novemba ni maonyesho ya kiku, krisanthimamu, ambayo huchanua usiku unaporefuka. Wakulima wa Tahara, mkoa wa Aichi, huwasha taa usiku kwenye vitalu nyumba ili ua lichelewe, likatwe soko linapolihitaji. Mbinu hiyo ipo kwetu pia: mashamba ya vipandikizi vya krisanthimamu Afrika Mashariki huwasha taa ili mimea mama isichanue. Desemba na Januari, kwenye miteremko ya pwani, huja narsisi na mwaka unazunguka upya.

Tahadhari

Wageni si baraka tupu. Mjini Biei, Hokkaido, kulikuwa na mpopla mmoja ulioinama, maarufu sana kwa picha, katikati ya mashamba. Watu waliingia shambani licha ya makatazo, na viatu hubeba minyoo ya mizizi na magonjwa ya udongo. Februari 2016 mwenye shamba, ambaye mti wake pia ulikuwa umezeeka, aliukata. Mti umekwenda, lakini mazao yake yanaendelea.

Kwa hiyo, kabla hujaalika watu shambani kwako, iwe kwa alizeti, waridi au parachichi zinapochanua, fanya mambo manne: weka njia ya kupita na kamba, weka mahali pa kufutia viatu, andaa kitu cha kuuza, na panda aina zinazopishana ili msimu usiishe ndani ya wiki moja. Ua litaanguka tu, hilo halizuiliki. Kinachobaki mkononi mwako ni mpangilio.