Kuku Huoga kwa Vumbi: Je, Tumwogeshe kwa Maji?

Yeyote aliyewahi kufuga kuku ameliona jambo hili. Jua la adhuhuri linapokuwa kali, kuku jike hutafuta mahali pakavu, huparapara udongo, hulala ubavu, kisha hujigaragaza na kujirushia vumbi mpaka lipenye katikati ya manyoya. Mwishowe husimama, hujikung’uta kwa nguvu na kwenda zake. Mtazamaji hudhani kuwa amejichafua, kumbe ameoga.

Huko Ulaya na Marekani, baadhi ya watu hufuga kuku kama wanyama wapendwa na kuwapeleka kwenye mashindano, nao huwaogesha kwa maji na sabuni. Mwanafunzi mwenye kuku wachache nyumbani huweza kushawishika kufanya vivyo hivyo. Kabla hajajaza maji karai, yafaa aelewe jinsi unyoya ulivyoumbwa na kazi unayoifanya.

Unyoya una uti wa katikati wenye vijiti vyembamba pande zote mbili. Vijiti hivyo hushikamana kwa vishikizo vidogo mno, hata vikawa kama kitambaa kimoja. Chini yake yamo malaika, yaani manyoya laini yanayozuia hewa isitembee. Kwa kuwa hewa hiyo ni kipitishi duni cha joto, mwili wa kuku huweza kudumu katika joto la nyuzi 41 hivi za Sentigredi. Aidha, juu ya shina la mkia ipo tezi ya mafuta. Kuku huyachota mafuta hayo kwa mdomo na kuyapaka manyoya yake.

Kuku anapoloweshwa hadi kwenye ngozi, maji huchukua nafasi ya hewa. Tuchukulie kwamba gramu 100 za maji zimebaki mwilini mwake. Kila gramu huhitaji jouli 2,400 hivi ili igeuke mvuke. Kwa hiyo zote pamoja huhitaji jouli 240,000. Joto hilo latosha kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi zaidi ya nyuzi 80. Sehemu ya joto hilo hutoka katika hewa, lakini sehemu nyingine hutoka katika mwili wa kuku mwenyewe. Kifaranga, ambaye bado hana manyoya kamili, huweza kufa kwa baridi kwa sababu hiyo.

Vumbi halina hatari hiyo. Chembe zake hunyonya mafuta yaliyozidi na kuchakaa, na kuku anapojikung’uta huanguka pamoja nayo. Malaika hubaki makavu na mepesi. Vumbi jororo pia huwasumbua chawa na utitiri. Tabia hii kuku huzaliwa nayo: hata vifaranga walioanguliwa kwa mashine, wasiomjua mama, huanza kujigaragaza wakiwa na umri wa siku chache. Kuku waliofungiwa katika vizimba vya waya hufanya mwendo uo huo juu ya waya mtupu, pasipo na vumbi lolote. Haja hiyo ya kuku ilikuwa miongoni mwa hoja zilizotolewa dhidi ya vizimba vitupu, ambavyo Jumuiya ya Ulaya iliviondoa kisheria tangu 1 Januari 2012.

Basi mfugaji na aweke bandani sanduku pana lenye mchanga na udongo mkavu, pamoja na majivu makavu kidogo yaliyopoa kabisa. Sanduku hilo lisinyeshewe mvua.

Hata hivyo, maji huhitajika mara mojamoja, hasa kinyesi kinapogandamana chini ya mkia. Uchafu huo huwavuta nzi, na funza wao huweza kula nyama ya kuku aliye hai. Osha sehemu hiyo tu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, ukifuata mwelekeo wa manyoya. Usimzamishe kichwa. Suuza vizuri, mkaushe kwa taulo, na umweke mahali penye joto pasipo upepo mpaka akauke kabisa. Usitumie vyombo vya jikoni, na unawe mikono kwa sabuni, maana kuku mwenye afya njema huweza kubeba bakteria wa salmonela.

Jaribio la darasani: okota manyoya mawili makavu. Juu ya la kwanza dondosha tone la maji safi. Juu ya la pili, tone la maji ya sabuni. La kwanza litabaki duara; la pili litatandaa na kulowesha unyoya, kwa kuwa sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji. Kisha tenganisha vijiti vya unyoya mwingine mkavu, uvipapase kwa vidole kuelekea nchani: vitashikamana tena. Hivyo ndivyo kuku afanyavyo kwa mdomo wake kila siku.