MBU, CHANDARUA NA KOMPYUTA: NANI ANAYEIFUNDISHA MASHINE?

Siku hizi maneno "akili mnemba" yamekuwa kama kiitikio. Yanatajwa redioni, katika hotuba na katika semina, na mara nyingi yanatajwa kwa mitazamo miwili. Wako wanaoyatukuza kana kwamba mashine imekuja kuukomboa ulimwengu bila jasho la mtu yeyote. Na wako wanaoyaogopa kana kwamba yametajwa majini. Mitazamo yote miwili ina kosa moja: inaitenga mashine na kazi ya watu.

Katika makala hii hatutaijadili akili mnemba kwa jumla. Mjadala wa jumla huzaa maneno ya jumla. Tutachukua kitu kimoja ambacho kila kada amekwisha kukishika mkononi, yaani chandarua, na kueleza jinsi taaluma tatu zinavyokutana juu yake: sayansi ya maada, ambayo ni elimu ya jinsi plastiki, nyuzi na madini vinavyoundwa na vinavyofanya kazi, elimu ya afya ya jamii, na elimu ya kompyuta. Utafiti tutakaoueleza umefanyika kwa sehemu kubwa hapa kwetu, Muleba, Misungwi na Ifakara, na kwa hiyo hatuna sababu ya kuuzungumzia kama habari za mbali.

Jambo lenyewe si dogo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, na karibu wote walikuwa Waafrika, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Nchi nne, yaani Nigeria, Kongo (Kinshasa), Niger na Tanzania, zilibeba zaidi ya nusu ya vifo hivyo.

KUTOKA PARETO HADI PLASTIKI

Silaha ya kwanza dhidi ya mbu ilitoka shambani. Ua la pareto, ambalo wakulima wa nyanda za juu za Iringa, Njombe na Mbeya wanalifahamu vizuri, lina sumu inayoangusha wadudu kwa haraka na isiyomdhuru sana binadamu. Tatizo lake ni kwamba sumu hiyo huharibika upesi kwenye jua. Mwaka 1973 wanasayansi wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitangaza permetrini, sumu iliyotengenezwa maabara kwa kuiga ile ya pareto lakini isiyoharibiwa na jua. Hapa inafaa tutue kidogo. Mkulima wa Afrika Mashariki aliuza maua. Maabara ya Ulaya ilichunguza sumu ya maua, ikaiboresha, ikaipatia hakimiliki. Kisha kiuadudu kikarudi Afrika kikiwa bidhaa ya kununuliwa. Hatusemi kwamba wanasayansi wale walikuwa na nia mbaya. Permetrini imeokoa maisha mengi. Tunasema kwamba maarifa yaliyomo katika zao letu yalichunguzwa na wenye maabara, na faida ikafuata njia hiyo hiyo.

Vyandarua vya mwanzo vilichovywa dawa nyumbani. Wasomaji wenye umri wetu watakumbuka pakiti za Ngao, beseni la maji, na chandarua kikianikwa kivulini. Dawa ilipaswa kurudiwa kila baada ya miezi sita. Wengi hawakurudia, na baadhi ya maofisa wakawalaumu wananchi kwa uzembe. Lawama hiyo haikuwa ya haki. Kazi iliyohitaji fedha, maji na kumbukumbu kila nusu mwaka ilikuwa imetupwa juu ya mama mwenye kazi nyingine ishirini.

Ufumbuzi haukuletwa na mahubiri. Ulitokana na sayansi ya maada. Kiuadudu kilichanganywa na plastiki ikiwa bado imeyeyuka, kabla haijavutwa kuwa uzi. Uzi unapopoa, sumu inabaki ndani yake na kupenya polepole kuja juu. Ukifua chandarua unaondoa ile ya juu tu. Baada ya siku kadhaa nyingine hutoka ndani kuchukua nafasi yake. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya aina hiyo kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani, kikawa cha kwanza Afrika, na kikaajiri maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake. Baadaye zikaja Hati Punguzo kwa wajawazito mwaka 2004, na baada yao kwa watoto wachanga, kisha ugawaji wa bure kwa kaya zote kuanzia mwisho wa mwongo huo.

Matokeo yalipimwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba tangu mwaka 2000 jitihada za kuzuia malaria Afrika ziliepusha wagonjwa milioni 663, na kwamba asilimia 68 ya hao waliepushwa na vyandarua.

USUGU

Lakini mbu naye hakukaa kimya. Katika kila kundi la mbu wako wachache ambao miilini mwao vimeng'enya fulani hufanya kazi kwa nguvu kuliko kwa wenzao, na vimeng'enya hivyo huivunja sumu kabla haijaua. Chandarua kinapoua wengine wote, wachache hao ndio wanaobaki kutaga. Vizazi vya mbu ni vya majuma machache, si miaka. Kwa hiyo kadiri tulivyogawa vyandarua vingi vya sumu moja, ndivyo tulivyochagua mbu wasiosikia sumu hiyo. Mafanikio yenyewe yalizaa kipingamizi chake. Msomaji aliyejifunza kanuni za ukinzani darasani hana haja ya kutafuta mfano ulio wazi kuliko huu.

Watafiti walijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza kwenye uzi kemikali iitwayo PBO, ambayo huvizuia vimeng'enya vya mbu ili sumu ya zamani ifanye kazi. Majaribio ya Muleba, mkoani Kagera, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba vyandarua hivyo vilipunguza maambukizi kwa watoto kuliko vile vya kawaida.

Ya pili inatuvutia zaidi. Kuna sumu iitwayo klorofenapiri ambayo, kama ilivyo, haina ukali mkubwa. Inapoingia mwilini mwa mbu, vimeng'enya vile vile vinavyoivunja permetrini huigeuza klorofenapiri kuwa sumu kali, nayo huzima utengenezaji wa nguvu ndani ya chembe za mwili wake. Silaha iliyompa mbu usugu ndiyo inayomwua.

KURA YA MISUNGWI

Maelezo mazuri ya kikemia hayatoshi kulinda mtoto wa Misungwi. Lazima yathibitishwe kijijini, na hapo ndipo elimu ya afya ya jamii inapoingia.

Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wa chuo cha tiba cha KCMC Moshi, na wenzao wa London na Ottawa, waligawa vyandarua katika vijiji 72 vya wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza. Vijiji viligawanywa katika maeneo 84, na kwa kura kila eneo likapata aina moja kati ya nne. Makada wamewahi kutuuliza: kwa nini kura? Je, si haki kuwapa vyandarua bora wale wenye shida zaidi? Swali ni la haki, na jibu lake ni hili. Kama vyandarua vipya vingepelekwa penye malaria nyingi na vya zamani penye malaria chache, mwishoni tusingejua kama tofauti imeletwa na chandarua au na mahali. Kura inaondoa upendeleo wa mtafiti, wa mganga, na hata wa kiongozi wa kijiji mwenye ushawishi. Na hakuna kijiji kilichoachwa bila chandarua. Waliopata vya kawaida walipata vile ambavyo nchi ilikuwa ikitumia wakati huo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya miezi 24, kati ya watoto wa maeneo yenye vyandarua vya kawaida asilimia 45.8 walikuwa na vimelea. Katika maeneo yenye klorofenapiri ni asilimia 25.6. Kwa miaka miwili yote idadi ya wagonjwa ilipungua kwa asilimia 44. Vyandarua vya PBO, vilivyofanya vizuri Muleba, hapa vilikuwa na asilimia 40.7, tofauti ndogo isiyotosha kuthibitisha kwamba ni bora kuliko vya kawaida. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vya klorofenapiri vitumike palipo na usugu. Watoto wa Misungwi, kwa kutoboa vidole vyao, walibadilisha mwongozo wa dunia.

Ila watafiti hawakuishia hapo, nasi tusifiche lililofuata. Ilipofika mwaka wa tatu, chini ya robo ya watu ndio waliokuwa bado wanalalia vyandarua walivyopewa. Vilikuwa vimechanika. Uchunguzi mwingine wa hapa nchini, uliochapishwa mwaka 2020, ulilinganisha aina tatu za vyandarua ukaona kwamba vilihudumu kwa miaka 2 hadi 2.6 hivi, ingawa ugawaji hupangwa kana kwamba vitadumu mitatu. Maana yake, kwa muda mrefu watoto hulala chini ya matundu huku daftari likionyesha kwamba kaya ina chandarua. Kada anayehesabu vyandarua bila kuvikunjua anahesabu daftari.

UMRI WA MBU

Sasa tufike kwenye kompyuta. Mbu jike anapomuuma mgonjwa hawezi kuambukiza siku ile ile. Kimelea kinahitaji siku 10 hadi 14 hivi kukomaa ndani yake. Mbu wengi hufa kabla ya hapo. Anayeambukiza ni mbu mzee, na kwa hiyo ukitaka kujua kama chandarua kinafanya kazi, usiulize tu mbu ni wangapi, uliza wana umri gani.

Kuujua umri huo kumekuwa kazi ya mateso. Katika miaka ya 1950 na 1960 Mick Gillies na wasaidizi wake, wakifanya kazi Amani na Muheza, walipasua maelfu ya mbu mmoja mmoja chini ya hadubini ili kukagua ovari na kujua kama mbu amekwisha taga. Mbinu za namna hiyo zilikuwa zimeendelezwa na wanasayansi wa Kisovyeti, akiwamo Tatiana Detinova. Ni kazi ya macho makali na mikono mitulivu, na waliobeba sehemu kubwa ya kazi za namna hiyo ni mafundi wa maabara ambao majina yao hayapatikani vitabuni.

Njia mpya inayofanyiwa kazi na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na Chuo Kikuu cha Glasgow na watafiti wa Burkina Faso ni kumulika mbu kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Gamba la mbu lina nta, protini na kitini, na kila kimoja hunyonya mwanga kwa namna yake. Mbu anapozeeka gamba hubadilika, na alama ya mwanga hubadilika pia. Tofauti ni ndogo mno kwa macho ya binadamu, lakini kompyuta ikionyeshwa alama nyingi za mbu ambao umri wao unajulikana, hujifunza kuzitambua. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2022 walitumiwa mbu zaidi ya 40,000. Mbinu hiyo hiyo ilijaribiwa kwa matone ya damu yaliyokaushwa ya watu 296 wa kusini mashariki mwa Tanzania, na mwaka 2019 ilitangazwa kwamba kompyuta ilitambua wenye vimelea kwa usahihi wa asilimia 92.

Hapa ndipo penye jibu la swali la kichwa cha makala. Kompyuta iliyofundishwa kwa mbu waliofugwa maabara ilikosea ilipoletewa mbu wa porini, kwa sababu mbu wa porini amekula vingine, amekulia kwenye joto na unyevu mwingine, ana wazazi wengine. Ilibidi iongezewe mbu wa mahali husika, hata kama ni wachache, ndipo ikatabiri vizuri. Mashine haina akili yake yenyewe juu ya Kilombero. Inayo ile iliyopewa na vijana waliofuga viluwiluwi, wakahesabu siku, wakabandika lebo moja baada ya nyingine. Anayeiuza kesho kama ubunifu wa kampuni yake atakuwa anauza kazi yao.

Kwa hiyo swali la nani anamiliki kumbukumbu hizi ni la uchumi kabla ya kuwa la ufundi. Sampuli ikisafiri kwenda ng'ambo na mtaalamu akabaki huku bila mashine ya kuipima, tumerudi kwenye pareto. Kuna dalili njema: katika kazi tulizozitaja Watanzania si wabeba mifuko, wamo miongoni mwa waandishi wanaoongoza, na baadhi ya uchambuzi wenyewe umefanyika Ifakara. Upande wa fedha hali ni tofauti. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, mojawapo ya vyanzo vikubwa vya fedha za vyandarua na vipimo barani Afrika kilitikisika kwa amri ya siku moja, iliyotiwa saini na mtu asiyelala chini ya chandarua.

Mwanafunzi mmoja alitujia baada ya somo akauliza afanye nini yeye, asiye na maabara. Tulimwambia aanze na kijiji chake. Vyandarua vinapofika, asome lebo ajue ni vya sumu gani, aandike mwezi vilipogawiwa, na baada ya miaka miwili apite nyumba hadi nyumba na kuvikunjua, ahesabu matundu, kisha apeleke hesabu hiyo kwa mganga mkuu wa wilaya kabla ugawaji mwingine haujapangwa. Alituuliza kama mganga mkuu ataipokea. Tukamwambia aipeleke kwa maandishi na abaki na nakala.