Kurusha Ndege Ndogo Isiyo na Rubani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kupaa

Tarehe 9 Januari 2025, ndege za kuzimia moto zilikuwa zikipita juu ya vilima vya Pacific Palisades, katika mji wa Los Angeles nchini Marekani, zikimwaga maji juu ya moto mkubwa uliokuwa ukiteketeza vichaka na majumba. Anga la mahali pale lilikuwa limewekewa marufuku ili ndege hizo zifanye kazi bila kizuizi. Mtu mmoja aliyetaka kuuona uharibifu alirusha ndege yake ndogo isiyo na rubani, yaani droni, kutoka juu ya jengo la kuegeshea magari katika mji jirani wa Santa Monica. Droni hiyo ilikwenda zaidi ya mita 2,500, ikapotea machoni pake, kisha ikagonga bawa la kushoto la ndege mojawapo ya kuzimia moto na kulitoboa. Ndege hiyo ilitua salama, lakini ililazimika kuondolewa kazini itengenezwe huku moto ungali unawaka. Mwenye droni alishtakiwa, naye akakiri kosa.

Mkasa huo una funzo kwa kila anayetaka kuanza burudani hii. Droni za siku hizi zimerahisishwa kiasi kwamba mtu asiyepata mafunzo yoyote huweza kuipaisha moja katika dakika chache. Lakini kuirusha si sawa na kuiongoza. Kuna mambo ambayo chombo hujifanyia chenyewe, na kuna mambo ambayo yamebaki kuwa ya binadamu peke yake. Yafaa mwanafunzi aijue mipaka hiyo kabla ya kupaa. Na sehemu kubwa ya elimu inayotakiwa tayari imo katika masomo ya fizikia na hisabati ya shule za sekondari.

Jinsi droni inavyokaa hewani

Droni nyingi za burudani zina rafadha nne, kila moja ikizungushwa na mota yake ya umeme. Rafadha husukuma hewa kwenda chini. Na kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya mwendo ya Newton, hewa nayo huisukuma rafadha kwenda juu kwa kani iliyo sawa. Jumla ya kani hizo nne ikilingana na uzito wa chombo, droni husimama hewani. Ikizidi, droni hupaa, ikipungua, hushuka. Droni yenye tungamo la gramu 250 ina uzito wa nyutoni 2.5 hivi. Kwa hiyo kila rafadha huchukua nyutoni 0.6 hivi, ambao ni uzito ukaribiao ule wa yai moja la kuku.

Mota inapoizungusha rafadha upande mmoja, mwili wa droni nao husukumwa kuzunguka upande wa pili. Ndiyo sababu rafadha mbili zinazotazamana kwa mshazari huzunguka kama mishale ya saa, na mbili zilizobaki huzunguka kinyume chake, ili misukumo hiyo ifutane. Jozi moja ikiongezewa kasi na nyingine ikipunguziwa, droni hugeuza uso wake bila kupanda wala kushuka. Ili iende mbele, rafadha za nyuma huongezewa kasi. Droni huinama, na sehemu ya msukumo ikaelekea mbele. Hivyo chombo hiki hakina usukani wala mkia. Kila tendo lake ni badiliko la kasi za mota nne.

Kani ya rafadha hutegemea densiti ya hewa na mraba wa kasi ya mzunguko. Katika mji wa Nairobi, ulio yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, densiti ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani ya Mombasa. Rafadha za droni ile ile zitalazimika kuzunguka kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 8 hivi ili kubeba uzito ule ule. Anayetoka pwani kwenda nyanda za juu asishangae basi akiona kwamba muda wa kuruka umepungua.

Kinachofanywa na chombo, na kisichofanywa

Ndani ya droni mna vihisi kadhaa. Jairoskopu hupima mzunguko wa mwili wake, kipima mchapuko hupima mabadiliko ya mwendo, barometa hupima kanieneo ya hewa na kwa njia hiyo kukadiria kimo, dira huonyesha mwelekeo, na kipokezi cha setilaiti huonyesha mahali chombo kilipo. Kompyuta ndogo husoma vipimo hivyo mara nyingi katika kila sekunde na kurekebisha mota. Kwa sababu hiyo mwanafunzi akiviachia vijiti vya rimoti, droni haianguki, bali husimama pale pale ikisubiri amri.

Wepesi huo ndio unaowapotosha wengi. Droni inayojua kusimama haijui kwa nini isimame. Haitambui kwamba helikopta inakuja. Hata zile zenye vihisi vya kuepa vizuizi huweza kushindwa kuuona waya mwembamba wa umeme au kijiti kikavu cha mti. Tena dira yake huvurugwa na chuma kilicho karibu, kama vile mabati, magari au nondo zilizomo katika sakafu ya zege. Yafaa irushwe kutoka mahali pasipo na vitu hivyo.

Droni nyingi pia zina uwezo wa kurudi zenyewe mahali zilipoanzia iwapo mawasiliano na rimoti yatakatika. Kwa kawaida hupanda hadi kimo kilichopangwa na mwenye chombo, kisha hurudi kwa mstari ulionyooka. Endapo kimo hicho kimepangwa kuwa mita 20, na njiani pana mnazi wa mita 25, droni isiyoweza kuuona mnazi huo itaufuata mstari wake hadi igonge makuti. Kosa halitakuwa la kompyuta. Ni wajibu wa mrushaji kuitazama nchi iliyomzunguka, kukikadiria kitu kirefu kuliko vyote, na kupanga kimo kinachokizidi.

Hesabu ya upepo

Manahodha wa majahazi walijua tangu zamani kwamba safari ya kwenda na upepo ni nyepesi, lakini ya kurudi ni ya kubisha. Droni nayo hutawaliwa na sheria hiyo hiyo.

Tuseme droni ina uwezo wa kwenda mita 10 kwa sekunde katika hewa iliyotulia, na upepo unavuma kwa mita 6 kwa sekunde. Ikienda na upepo, kasi yake juu ya ardhi ni mita 16 kwa sekunde. Ikirudi dhidi ya upepo, kasi hiyo ni mita 4 tu kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kila dakika moja ya kwenda hudai dakika nne za kurudi.

Chukua sasa betri yenye uwezo wa kuirusha droni hiyo kwa dakika 20. Mtu asiyepiga hesabu hudhani kwamba anaweza kwenda dakika 10 na kurudi dakika 10. Lakini akienda na upepo kwa dakika 4 tu, atakuwa ametumia sehemu moja ya tano ya betri, na sehemu nne zote zilizobaki zitahitajika kwa kurudi. Hakuna akiba hata kidogo. Akiongeza dakika ya tano, droni haitafika nyumbani. Na kama upepo ungekuwa wa mita 10 kwa sekunde, droni ingebaki hewani ikijitahidi bila kusogea hata mita moja, mpaka betri iishe.

Ikumbukwe pia kwamba upepo wa juu huwa na nguvu kuliko ule unaohisiwa ardhini, kwa kuwa miti, nyumba na uso wa nchi huupunguza. Kwa hiyo yafaa safari ianze kwa kukabili upepo, ili kurudi kuwe kwepesi. Wakati wa Kusi au Kaskazi inayovuma kwa nguvu, mwanafunzi wa pwani aiache droni yake sandukuni.

Betri

Betri za droni ni za lithiamu. Huhifadhi nishati nyingi katika uzito mdogo, lakini hazivumilii kutumiwa vibaya. Betri ya volti 7.2 yenye uwezo wa ampea-saa 2.5 ina nishati ya wati-saa 18. Ikiisha katika nusu saa, droni imetumia wastani wa wati 36. Kwa usalama, mrushaji aanze kurudi mapema ili atue angali na asilimia 30 hivi ya betri. Baada ya kutua, betri iachwe ipoe kabla ya kujazwa umeme, wala isijazwe pasipo mtu wa kuiangalia. Iliyovimba isitumike tena. Itakayowekwa kwa muda mrefu iachwe na nusu ya umeme wake, si tupu wala si kamili.

Mazoezi ya mwanzo

Mahali pa kujifunzia ni uwanja mpana usio na watu, wala mifugo, wala nyaya. Kabla ya kila safari, rafadha zikaguliwe kama zina ufa, na droni isubiriwe hadi ipate setilaiti za kutosha na kukumbuka mahali ilipoanzia. Kisha mazoezi yafuatane kwa utaratibu: kwanza kupaa hadi mita 3, kusimama na kutua, pili kwenda mbele na kurudi nyuma, tatu kuchora mraba, nne kuchora umbo la tarakimu 8.

Zoezi gumu kwa wengi ni pale droni inapomtazama mrushaji. Hapo kulia kwake huwa kushoto kwa mtu, na mkono uliozoea hukosea. Lisirukwe zoezi hili, kwa maana kila droni inayorudi nyumbani kwa kutangulia mbele huja ikimtazama mwenyewe.

Katika mazoezi yote, droni isiondoke machoni. Picha iliyo katika kioo cha simu huonyesha kile kilicho mbele ya kamera tu. Haionyeshi ndege inayokuja kutoka ubavuni wala mwewe anayeshuka kutoka juu. Yule mrushaji wa Santa Monica alikosea hapo hasa.

Tena droni isipitishwe juu ya watu. Droni ya gramu 250 iliyo katika kimo cha mita 40 ina nishati ya jouli 100 hivi, sawa na tofali la kilo 2.5 lililoinuliwa mita 4. Upinzani wa hewa hupunguza sehemu ya nishati hiyo wakati wa kuanguka, lakini haitoshi kumfanya mtu akubali kusimama chini yake.

Kamera kama kipimo

Droni inaweza kuwa chombo cha elimu kwa sababu picha yake hupimika. Upana wa ardhi unaoonekana hupatikana kwa kuzidisha kimo kwa upana wa kihisi cha kamera, kisha kugawanya kwa umbali wa fokasi. Kwa mfano, kihisi chenye upana wa milimita 6.3 na lenzi ya milimita 4.5 hutoa uwiano wa 1.4. Katika kimo cha mita 60 picha itaonyesha mita 84 za ardhi. Ikiwa picha ina nukta 4,000 kwa upana, kila nukta ni sentimita 2.1 hivi.

Kanuni hiyo ndiyo iliyotumika Zanzibar, ambako kuanzia mwaka 2016 visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha kwa ndege ndogo zisizo na rubani ili kutengeneza ramani. Kazi hiyo iliongozwa na Kamisheni ya Ardhi, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki. Shule inaweza kuiga jambo hilo kwa kiasi chake, kwa kupima shamba lake au mmomonyoko wa udongo kutoka msimu mmoja hadi mwingine.

Sheria na haki za jirani

Nchini Tanzania vyombo hivi husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na nchini Kenya husimamiwa na mamlaka ya nchi hiyo, ambayo kanuni zake za ndege zisizo na rubani ni za mwaka 2020. Anayekusudia kununua droni au kuiingiza nchini aulize kwanza juu ya vibali, si baada ya kifaa kufika bandarini. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha kimo cha futi 400, yaani mita 120 hivi, na kukataza urushaji karibu na viwanja vya ndege na maeneo ya jeshi. Katika hifadhi za wanyama pia kibali maalum hutakiwa. Mwanafunzi afanye mazoezi akiwa pamoja na mtu mzima mwenye idhini.

Pamoja na sheria ya nchi, kuna heshima ya mtaa. Ukuta wa ua hujengwa ili watu wa nyumba wakae kwa staha. Kamera inayopita juu yake huuondoa ukuta huo bila kugusa tofali moja. Asiyependa uani kwake kuchunguliwa asichungulie uani kwa mwenzake.

Hitimisho

Droni hujua kusimama, kuelea na kurudi. Haijui ni wakati gani isiruke, ni umbali gani unatosha, wala ni nani aliye chini yake. Hayo huyajua mrushaji peke yake, naye hana budi kuyajua kabla rafadha hazijaanza kuzunguka.

Maswali ya kujipima

1. Droni ina kasi ya mita 12 kwa sekunde katika hewa iliyotulia, na upepo ni mita 4 kwa sekunde. Itatumia muda gani kwenda mita 480 na upepo, na muda gani kurudi?

2. Droni ya kilo 0.9 iliyo katika kimo cha mita 50 ina nishati kiasi gani? Chukua mchapuko wa uvutano kuwa 10.

3. Kwa kamera iliyotajwa hapo juu, droni iwe katika kimo gani ili uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 uenee upana wote wa picha?

Majibu: (1) sekunde 30 na sekunde 60, (2) jouli 450, (3) mita 75.